Michoro ya babu, shabu, na bahari iliyogeuka kahawia

Bibi alipofariki tulisubiri mpaka arubaini ikapita ndo shangazi akafungua kasha. Mnayajua makasha ya watu wa zamani, ukiinua tu kifuniko inakutoka asumini kavu, karafuu, kanga zilizokunjwa miaka na miaka. Ila chini kabisa kulikuwa na harufu nyengine, kama siki iliyomwagikia vumbi la mbao, na ilikuwa inatoka kwenye bahasha moja kubwa ya kaki. Ndani mna michoro ya babu. Thelathini na nne. Majahazi ya Malindi hapa Unguja, milango ya Hurumzi, mikarafuu ya kwao Wete, wanawake wamekaa barazani wanasuka ukili, yote rangi ya maji na penseli na mengine wino mweusi. Babu alikuwa mwalimu wa skuli na karatasi alizochorea ni zile zile alizokuwa anazipata skuli, zamani zile mtu hachagui, na mengine ukigeuza nyuma unakuta hesabu za mahudhurio ya wanafunzi.

Shangazi akashika mmoja kwa pembe akauvuta, pembe ikabaki mkononi mwake. Haikuchanika, nataka muelewe hilo, ilivunjika, ta, kama bisikuti. Akabaki anaiangalia tu. Mie nilisikia kama nimepigwa kifuani kwasababu ule mchoro naukumbuka, babu alikuwa akinionesha nikiwa mdogo, akinambia hili jahazi la nani na yule anaevuta kamba mtoto wa nani.

Sasa kinachonishangaza, kwenye kasha hilo hilo kuna chuo, yaani kitabu, cha zamani cha baba yake babu, kilichoandikwa kwa mkono, kizee kuliko michoro mara mbili, na kurasa zake bado nyeupe laini, unakunja zinakunjika. Wadudu wamekula pembeni lakini karatasi yenyewe nzima. Nikajiuliza imekuwaje kongwe iko hai na ya juzi imekufa, na swali hilo ndo lililonifanya nianze kusoma mambo ya asidi kwenye karatasi, na leo nataka niwaandikie nilichokipata pamoja na nilichokiharibu, maana najua nyumba nyingi hapa Unguja na Pemba zina bahasha kama ile.

Jibu la swali lile ni shabu. Ndio, shabu, ndugu yake hii ya dukani, ile jiwe jeupe wanaume wanajipaka wakishanyoa. Karatasi za zamani zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na nyuzi za pamba ni selulosi karibu tupu, zinadumu. Mwaka 1807 Mjerumani mmoja anaitwa Moritz Friedrich Illig akatangaza njia ya kutia shabu na ulimbo wa msonobari kwenye rojo la karatasi ili wino usitapakae, na miaka ya 1840 wakajua kusaga magogo kupata rojo la mbao, basi karatasi ikawa rahisi duniani kote. Lakini shabu ukiilamba unajua wenyewe inavyokaza ulimi, ina ukali, na ndani ya karatasi pakiwa na unyevu inatoa asidi. Mbao nayo ina kitu kinaitwa lignini, hicho kikipigwa na jua na hewa kinageuka manjano na kinazidisha asidi. Asidi inakata zile nyuzi ndefu za selulosi vipande vipande, kila siku kidogo, na joto na unyevu vinaiharakisha. Sasa fikiria wapi pana joto na unyevu. Hapa kwetu.

Ile pembe iliyovunjika sikuitupa, na nikaja kuipima. Kuna vipande vya kupimia pH, yaani ukali wa asidi, vile ambavyo rangi yake haichuji, unadondosha tone moja la maji safi yaliyopatikana kwa kupoza mvuke kwenye karatasi, unalaza kipande juu, unafunika plastiki safi na kitu kizito kidogo, unasubiri dakika kama tano au zaidi kisha unasoma. Ikaja baina ya 4 na 5. Katikati ni 7, hapo hapana asidi wala alkali, na kila hatua moja kushuka ni mara kumi, kwahivyo 4 ina asidi mara elfu moja kuliko 7. Kipimo hiki kinaacha doa la duara, ndo maana nikapimia ile pembe iliyokwishavunjika na sio mchoro wenyewe. Pia kuna kalamu za kupimia, unachora mstari unageuka rangi, hizo usiguse nazo kazi ya sanaa kabisa, mstari haufutiki maisha. Na kuhusu maji, ukenda kuomba maji ya betri kuwa makini, kuna ya kuongezea ambayo ni maji matupu na kuna mengine ni asidi yenyewe, bora ununue yale ya duka la dawa.

Haya, sasa nije kwenye kosa.

Mtu akishajua tatizo ni asidi akili inakwenda moja kwa moja kwenye dawa, kitu cha kinyume chake, alkali. Nikasoma mtandaoni kuna watu wanachukua kidonge cha magnesia, ile dawa ya tumbo, wanakitia kwenye maji ya gesi yasio na sukari, wanalaza kwenye friji usiku mzima, asubuhi wanarovya vipande vya magazeti wanavyotaka kuvihifadhi. Gesi inaisaidia magnesia kuyeyuka, na ikishakauka kwenye karatasi inabaki magnesiamu kabonati ambayo inakaa mule kuisubiri asidi. Kikemia sio uongo. Nikajaribu kwenye kipande cha gazeti la zamani, kikatoka salama, nikafurahi, na siku ya pili nikachukua mchoro mdogo wa babu, jahazi linaingia Malindi, bahari ya buluu iliyokoza mpaka inakaribia kuwa nyeusi kwa chini, nikadondosha tone la maji pembeni nikaona rangi haitoki, nikasema alhamdulillah, nikaulaza kwenye sinia ya plastiki nusu saa nzima.

Ulipotoka ulikuwa mzuri. Karatasi ilikuwa nyeupe zaidi na yale maji yamekuwa rangi ya chai, ule ndo uchafu wa asidi uliotoka. Nikamwita shangazi aje aone. Nikaukausha baina ya karatasi za kukaushia wino na ubao juu. Wiki ya kwanza nikaona bahari imepauka, nikajisemesha ni macho yangu. Wiki ya tatu ilikuwa kijivu, na baada ya hapo pale palipokuwa na rangi nyepesi, mbinguni na kwenye povu la mawimbi, pakawa na kahawia ya kutu. Jahazi liko vile vile, matanga yako vile vile, penseli haijaguswa, ila linaelea kwenye maji ya kahawia.

Ndani ya bahasha ile kulikuwa na kijikopo cha bati cha rangi za babu, nikakifungua kuangalia, na kwenye kidonge cha buluu pamechapwa Prussian Blue. Hiyo ni rangi iliyotengenezwa mara ya kwanza Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700, ndani yake mna chuma, na sifa yake ni kwamba kwenye maji matupu haitikisiki lakini alkali inaivunja, na kinachobaki ni chuma tu, yaani kutu. Ile dawa niliyoitia ilibaki ndani ya karatasi kama ilivyokusudiwa, ikaendelea kufanya kazi, na ikaifanyia kazi buluu pia. Hakuna wa kumlaumu, nilifanya mimi, kwa mapenzi na haraka.

Nikapata kuongea na dada mmoja wa kwetu ambae kazi yake ni kuhifadhi karatasi, yuko nje. Nikamtumia picha. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "mdogo wangu, mchuzi wa manjano ukikumwagikia kanzuni ukatia sabuni unakuwaje?" Nikamwambia unageuka mwekundu. Akasema "basi ulikuwa unajua." Na kweli nilikuwa najua, kila aliekulia jikoni Zanzibar anajua, doa la manjano ukipaka sabuni ya mche papo hapo linakuwa jekundu kama damu, na juisi ya choya ukiidondoshea magadi inaacha wekundu inakwenda kwenye buluu na kijani. Manjano ni rangi, choya ni rangi, sabuni na magadi ni alkali. Kilichotokea sinki ndo kilichotokea kwenye mchoro.

Akanipa na mfano mwengine ambao sitausahau, wa kombe. Mwalimu anaandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaosha kwa maji ya marashi, mgonjwa anakunywa, wino ule umetengenezwa makusudi uachie maji. Sasa zipo wino na rangi nyingi ziko hivyo hivyo na kwa macho huzijui. Wino mweusi wa masizi na gundi ya mti unaonekana mgumu lakini mwengine ukiurovya gundi inalainika masizi yanaelea. Wino wa maka peni unakimbia. Wino wa peni za kawaida maji unayavumilia kidogo ila spiriti unaikimbilia. Mihuri, sahihi, bei iliyoandikwa nyuma, vyote ni wino. Chaki za rangi na mkaa hata pumzi yako ni nyingi. Penseli ndo inastahamili zaidi ya wote.

Kwahivyo kujaribu sio tone moja pembeni kama nilivyofanya mie. Ni kila rangi peke yake, kila wino peke yake, kwa brashi nyembamba na tone dogo kama kichwa cha pini, mahali pasipoonekana sana, unasubiri, unabana kipande cha karatasi ya kukaushia, unaangalia kwa kioo cha kukuzia kama kimeshika rangi. Na hujaribu kwa maji tu, unajaribu kwa kile kile unachotaka kutumia, na hapo ndo mie nilipoanguka kwasababu buluu ya babu ilifaulu mtihani wa maji na mtihani wa alkali sikuupa. Kisha unasubiri siku kadhaa, sio dakika, kwasababu mabadiliko mengine yanakuja polepole.

Ramani na michoro ya majengo ile ya buluu yenye mistari myeupe, kama mtu anayo ya nyumba yao, ile buluu ni hii hii Prussian, msiitie dawa ya alkali hata kidogo. Picha za kamera za zamani nazo muziwache, zina mambo yao.

Nilimuuliza kuhusu chokaa, maana nilishasoma kwamba Mmarekani William Barrow wa Virginia, huko miaka ya 1940, alikuwa anarovya karatasi kwenye maji ya chokaa kisha kwenye maji ya kalsiamu yenye gesi ya kaboni, na hiyo ndo mama wa njia nyingi za leo. Nilifurahi sana kusikia hivyo kwasababu ni kazi ya mafundi wetu hasa. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, jiwe linachomwa tanuuni, linazimwa kwa maji linakuwa chokaa ya kupaka, halafu likiwa ukutani linavuta gesi kutoka hewani polepole linarudi kuwa jiwe. Ndani ya karatasi inakuwa vivyo hivyo, chokaa inauwa asidi iliyopo, na iliyozidi inavuta hewa inakuwa kalsiamu kabonati, vumbi la jiwe laini limekaa baina ya nyuzi, asidi mpya ikija miaka ya mbele inalikuta pale. Karatasi za kudumu zinazotengenezwa siku hizi kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 9706 zinatakiwa ziwe na akiba hiyo angalau asilimia 2.

Lakini akaniambia usithubutu kuchota chokaa ya fundi wala ya tambuu. Ina vumbi na chuma na mengine usiyoyajua, na maji ya chokaa yakikolea yanafika pH 12 na zaidi, huo ni ukali wa kuunguza ngozi, wenye ujuzi wanatumia iliyosafishwa na wanaipima. Na maji ya bomba yetu usiseme kwasababu yana chokaa basi yatafaa, ni kweli kisiwa ni jiwe la chokaa na mnaona birika zinavyofanya ukoko mweupe, ila yana chumvi, yana klorini, yana kutu ya mabomba, na kutu kwenye karatasi ni ugonjwa mwengine.

Zipo na njia zisizotumia maji. Kuna dawa ya kupuliza ambayo ni vumbi laini sana la magnesiamu oksaidi limeelea kwenye kimiminika kisicholowesha karatasi wala kuyeyusha wino mwingi, inaitwa Bookkeeper, Maktaba ya Bunge la Marekani waliitumia kwa vitabu vingi kuanzia miaka ya 1990. Kabla yake walijaribu gesi ya zinki, wakaweka mtambo kwenye kituo cha NASA huko Maryland, ukapata moto mwishoni mwa 1985 na tena mwanzoni mwa 1986, wakaachana nao baadae. Nayasema haya ili mjue hata wakubwa waliungua. Hii ya kupuliza ni tulivu zaidi, lakini kwa kazi ya sanaa ina mambo yake: inaweza kuacha unga mweupe unaoonekana kwenye rangi nyeusi, haioshi ule umanjano uliokwishaingia, na bado ni alkali, Prussian Blue itaikataa vile vile. Kisha haitoki. Ukishapuliza umepuliza.

Na kitu kimoja ambacho laiti ningeambiwa mapema: kuondoa asidi hakurudishi nguvu. Nyuzi zilizokatika zimekatika. Karatasi iliyofika kuvunjika kama bisikuti itabaki kuvunjika, kinachopungua ni mwendo wa kuharibika kuanzia siku hiyo. Tena karatasi yenye mbao nyingi ukiitia alkali inaweza kuzidi kuwa manjano. Nikahesabu, mchoro ule umekaa kwenye asidi miaka hamsini na zaidi, ungeweza kabisa kuningoja miezi sita nikauliza.

Basi tukafanya vyengine. Kitu cha kwanza kabisa tulikipiga picha kila kimoja mbele na nyuma kwenye mwanga mzuri kabla ya kugusa chochote, na hata usipofanya jengine lolote fanya hili. Halafu tukawatoa kwenye kundi baya. Bahasha ya kaki yenyewe ilikuwa asidi tupu, mle michoro ilikuwa inachemka kwa mvuke wake miaka yote. Baina ya michoro kulikuwa na vipande vya magazeti babu aliviweka kwa nia njema, na kila gazeti limeacha kivuli cha kahawia kwenye mchoro uliolala nao, mmoja unaweza kusoma kichwa cha habari kinyumenyume. Yote tukayatoa. Solotepu hatukuigusa, ile ukiivuta inaondoka na karatasi, inahitaji mtu anaejua.

Kisha kila mchoro ukapata jalada lake la karatasi isiyo na asidi. Na hapa pana tofauti msiikose, majalada haya yako aina mbili, yenye akiba ya chokaa na yasiyokuwa nayo. Michoro ya penseli na wino mweusi tumeiweka kwenye yenye akiba, ile chokaa inakaa jirani na kuinyonya asidi polepole bila kurovya chochote. Yenye buluu ile, na ambayo rangi zake hatuzijui, iko kwenye yasiyo na akiba. Binamu alikuja na robota dogo kutoka Uingereza, na kwa kweli ndo gharama kubwa tuliyoingia, sio dawa.

Michoro miwili tu, kati ya thelathini na nne, ndo iliyooshwa na kutiwa kalsiamu kama inavyotakiwa, yote penseli tupu, na aliefanya ni yule dada alipokuja likizo, barazani kwa shangazi, na vifaa vyake. Aliilaza michoro juu ya maji, sio ndani, maji aliyoyatia kalsiamu kwa kipimo, akatumia karatasi moja ya Kijapani nyembamba kama ngozi ya kitunguu kushikilia pale palipovunjika, kwa gundi ya wanga wa ngano. Mimi nikamwambia hii si gundi ya tiara, tulivyokuwa tukipika unga tukiwa watoto! Akasema karibu, ila unga wa dukani una vitu vyengine ambavyo mende na wadudu wa karatasi wanavipenda sana, yeye anatumia wanga mtupu uliosafishwa. Ilimchukua siku mbili kwa michoro miwili. Nilikaa pembeni nikimwangalia anavyosubiri. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kusubiri.

Kuhusu hali ya hewa yetu nitasema kwa ufupi. Unyevu ukipita asilimia 65 au 70 ukungu unapata maisha, na hapa masika yote tuko juu ya hapo. Watu wanasema tia AC, lakini AC ya kuwashwa usiku na kuzimwa asubuhi inaipandisha na kuishusha karatasi kila siku, na umeme wetu mnaujua, nani kasahau mwisho wa 2009 tulivyokaa miezi mitatu gizani kisiwa kizima. Mie nimechagua chumba cha ndani ambacho ukuta wake haupigwi na mvua, sanduku liko juu ya rafu si sakafuni, halijafungwa kwenye plastiki, na siku kavu za kaskazi nafungua madirisha pakauke. Kabla ya masika nakagua moja moja. Na udi tusifukize chumba kile, najua ni mtihani, ila moshi ni masizi na masizi yakiingia kwenye rangi ya maji hayatoki.

Limebaki moja linaloniuma. Michoro miwili mengine iko ukutani kwa shangazi tangu zamani, ilitiwa fremu dukani, ikagandishwa na gundi mzima mzima juu ya hadibodi. Kuzunguka dirisha la kadi, ile inayouzunguka mchoro ndani ya fremu, kuna mstari wa kahawia kama umechorwa kwa chuma cha moto, hiyo ni asidi ya kadi inaingia kwenye mchoro, na kioo kimegusa rangi moja kwa moja mpaka pembeni imenata. Fremu imelalia ukuta wa nje, nyuma yake ukipapasa pana unyevu. Sitaibandua mwenyewe, nimeshajifunza. Tutaitoa ukutani, tuilaze ndani ya jalada na fremu yake hivyo hivyo ikiwa imelala, mpaka yule dada arudi. Zikirudi ukutani zitakuwa na kadi isiyo na asidi, zitashikwa kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani kwa juu tu, kioo kikae mbali na karatasi, na vizibo vinne vya mpira nyuma ili hewa ipite.

Ule wa bahari ya kahawia nimeuweka kwenye jalada lake na ile picha niliyoupiga kabla. Kwa penseli juu ya jalada nimeandika ulitiwa nini, muda gani, tarehe gani, na nani aliefanya, jina langu, ili atakaeufungua asidhani babu aliichora hivyo.

Kesho nakwenda kwa shangazi kuziteremsha zile mbili. Amekubali, ila kaniambia misumari niiache palepale ilipo.